Kujitengenezea Kikuza Sauti cha Valvu

Katika nchi nyingi za ulimwengu wako watu wenye kazi zao za kila siku, makarani, waalimu, mafundi wa reli na hata wakulima, ambao jioni hukaa mezani na chuma cha kulehemu mkononi wakiunda vyombo vya sauti kwa mikono yao wenyewe. Kimoja cha vyombo hivyo ni kikuza sauti cha valvu kwa ajili ya hedifoni, yaani vile vipaza sauti viwili vidogo vinavyovaliwa masikioni. Ni chombo cha kuwekwa pembeni mwa meza ya kuandikia. Vipande vyake si vingi, na mtu mwenye subira aweza kukimaliza kwa jioni chache. Lakini ndani yake mna nguvu za stima ziwezazo kumwua mtu, na kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe lote, uzuri wake na hatari yake pamoja.

Atakayeuliza, "Kwa nini valvu, na hali simu ya mfukoni ina kikuza sauti chake kisichoonekana hata kwa jicho?" ameuliza swali la haki. Kwa hesabu za mafundi, kidude cha transista kilicho kidogo kuliko punje ya mahindi hukuza sauti bila kuipotoa, kwa gharama ndogo na stima kidogo sana. Chombo cha valvu kinachoelezwa hapa hula wati 33 hivi, na karibu zote hugeuka kuwa joto. Zinazofika masikioni ni sehemu ndogo mno. Wala hakiwezi kuufanya muziki uliorekodiwa vibaya uwe mzuri. Wanaokipenda husema kwamba kinaulainisha muziki, na neno hilo lina asili ya kweli, maana valvu moja ifanyapo kazi peke yake huongeza katika sauti mwangwi mdogo wa oktava ya juu, ambao sikio la binadamu haulioni kuwa kelele. Faida kubwa zaidi, hata hivyo, ni nyingine. Katika chombo cha valvu mtu huona kila kitu kwa macho yake. Kila waya una kazi yake, na kila volti yaweza kupimwa. Aliyekijenga akakielewa ameshika mlango wa elimu yote ya redio.

ASILI YA VALVU

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming, profesa wa University College huko London na mshauri wa kampuni ya Marconi, alitengeneza kichupa cha kioo kilichotolewa hewa, ndani yake mna waya wa kuwaka na kibati kando yake. Stima iliweza kupita humo upande mmoja tu, wala haikuweza kurudi. Ndiyo sababu Waingereza wakakiita valvu, kwa jina la kile kilango cha pampu kinachoyaruhusu maji kwenda mbele na kuyakataza kurudi nyuma. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia kitu cha tatu katikati, waya uliokunjwakunjwa. Yeye mwenyewe hakuelewa sawasawa kwa nini chombo chake kinafanya kazi. Alidhani kwamba hewa kidogo iliyosalia ndani ndiyo inayosaidia, na ikapita miaka kadhaa kabla wengine hawajaonyesha ya kuwa hewa hiyo ni adui, na kwamba kichupa chapasa kutolewa hewa kabisa. Hata hivyo ule waya wake ndio uliozaa redio, simu za mbali na sinema zenye sauti.

Mkulima anayemwagilia shamba kwa mfereji ataelewa upesi mambo yaendavyo ndani ya valvu. Chini kuna kathodi, bomba dogo linalopashwa moto na uzi ulio ndani yake. Likiiva, elektroni hutoka juu yake kama mvuke utokavyo katika maji ya moto. Kuizunguka kuna anodi, ambayo imetiwa volti nyingi, nayo huzivuta elektroni hizo kama mteremko uvutavyo maji. Katikati ndipo ilipo gridi, nayo ni lango la mfereji. Mtoto aweza kulisogeza lango kwa mkono mmoja, lakini maji yaliyoko nyuma yake ni mengi, na hupungua au kuongezeka kama alivyolisogeza. Sauti dhaifu inayotoka katika redio au simu hutiwa kwenye gridi. Ndiyo mkono wa mtoto. Wazee wa Kenya waliozitumia redio za kale wanakumbuka ya kuwa mtu alifungua swichi akangoja kitambo kabla ya kusikia neno. Alikuwa akingoja kathodi zipate moto.

Hedifoni nazo zina historia ya kazi za nyumbani. Mnamo mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani, alipeleka hedifoni zake kwa jeshi la maji la nchi hiyo. Wakubwa wa jeshi walipozijaribu na kuziona bora kuliko walizokuwa nazo wakataka nyingi, naye akawajibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mara moja, kwa kuwa karakana yake ilikuwa ni jikoni kwake. Hizo zilikuwa za kusikilizia ishara za simu ya upepo. Hedifoni za kusikilizia muziki wa stirio, sikio hili na lile kila moja na sauti yake, zilianza kuuzwa na John Koss wa mji wa Milwaukee mwaka 1958.

HEDIFONI GANI ZIFAAZO

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, mtu na atazame hedifoni zake zimeandikwa omu ngapi. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia stima isipite. Zile hedifoni nyepesi za simu huwa na omu 16 au 32. Hedifoni kubwa za kusikilizia nyumbani, kwa mfano Sennheiser HD 600 iliyotoka mwaka 1997 na HD 650 ya mwaka 2003, zina omu 300, na Beyerdynamic wamepata kutengeneza za omu 250 na hata 600.

Kikuza sauti cha namna hii kina ukinzani wake cha ndani upatao omu 100. Sauti hugawanyika baina ya ukinzani huo na ule wa hedifoni. Hedifoni za omu 300 hupata sehemu tatu katika nne za volti zilizopo, na hilo si baya. Za omu 32 hupata chini ya robo. Zaidi ya hayo huidai valvu mkondo mwingi kuliko iwezavyo kutoa, na sauti huharibika. Mwenye hedifoni za omu 32 asijenge chombo hiki. Wako waliotia transfoma ya pili mwishoni ili kulitatua neno hilo, lakini transfoma nzuri ya sauti ni ghali, na mara nyingi hupita thamani ya vitu vingine vyote vikiwekwa pamoja. Mhandisi Mmarekani Julius Futterman alitangaza mwaka 1954 njia yake ya kuendesha vipaza sauti vikubwa kwa valvu bila transfoma, na tangu hapo mafundi wengi wameifuata fikira hiyo. Kwa hedifoni za omu nyingi yafaa sana.

VITU VYENYEWE

Valvu zitakiwazo ni mbili tu. Ya kwanza ni ECC82, ambayo Wamarekani huiita 12AU7. Ndani ya kichupa chake mna valvu mbili, moja kwa sikio la kulia na moja kwa la kushoto. Ya pili ni 6080, kubwa na nene, nayo pia ni mbili ndani ya kichupa kimoja. Hii haikutengenezwa kwa ajili ya muziki hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kutuliza volti ndani ya mitambo, ikiwamo ya kijeshi, na kwa kuwa yaweza kupitisha mkondo mwingi kwa volti chache, mafundi wa sauti wakaiona yafaa kusukuma hedifoni. ECC82 huikuza sauti, na 6080 huipa nguvu.

Stima ya nyumbani ya volti 240 huingia kwanza katika transfoma. Transfoma hiyo na iwe na njia mbili za kutokea, moja ya volti 150 iwezayo kutoa milliampea 150, na nyingine ya volti 6.3 iwezayo kutoa ampea 3. Hiyo ya pili ni ya kupasha moto valvu. 6080 peke yake hula ampea 2.5, na ECC82 ampea 0.3. Atakayeagiza transfoma kutoka Marekani na ahakikishe kwamba imefungwa kwa volti 240 na mitetemo 50, kwa sababu ya volti 120 ikitiwa katika stima ya Kenya huungua mara moja.

Volti 150 hupita katika daiodi nne za kuigeuza kuwa stima ya upande mmoja, nazo hupanda zikafika 210 hivi. Kisha huchujwa, maana bado zinatikisika. Kuchuja ni kwa kapasita tatu za mikrofaradi 220, na baina yake rezista mbili za omu 270, wati 5 kila moja. Mkondo wote wa chombo ni milliampea 74 hivi, basi kila rezista hupunguza volti 20, na mwisho hubaki volti 170. Kapasita ziwe za volti 350. Zile za volti 250 hazina nafasi ya kutosha, kwa kuwa kabla valvu hazijapata moto hakuna anayeila stima hiyo, na volti hupanda kupita kiasi chake cha kawaida.

Volti 170 hufika kwenye anodi ya ECC82 kwa njia ya rezista ya omu 22,000. Katika kathodi yake hutiwa rezista ya omu 390. Valvu ikitulia hupitisha milliampea 4, na anodi hubaki kwenye volti 80 au karibu na hapo. Anodi hiyo huungwa moja kwa moja na gridi ya 6080, bila kitu cho chote katikati. Anodi ya 6080 hupokea volti 170, na kathodi yake hushuka mpaka ardhi kwa rezista ya omu 3,000. Hapo kathodi husimama kwenye volti 100, na milliampea 33 hupita. Rezista hiyo hubeba zaidi ya wati 3, kwa hiyo na iwe ya wati 10, iwekwe mbali na kapasita, kwani joto ndilo linalozikausha kapasita upesi. Hayo yote hufanywa mara mbili, kwa sikio hili na lile. Mbele kabisa hukaa rezista ya kuzungusha ya omu 100,000, yenye nyumba mbili kwa mhimili mmoja, ya kuongeza na kupunguza sauti.

Sauti hutoka kwenye kathodi ya 6080 kwa kupitia kapasita ya mikrofaradi 100, volti 250. Kapasita hii ndiyo mlinzi wa mlango. Huruhusu muziki kupita na kuzizuia zile volti 100 zisifike kichwani mwa msikilizaji. Si mahali pa kutia kapasita iliyookotwa katika redio mbovu. Na inunuliwe mpya, ya watengenezaji wenye sifa. Nyuma yake hutiwa rezista ya omu 2,200 kwenda ardhi, ili kapasita ipate kujaa hata kama hedifoni hazijachomekwa. Hata hivyo chombo kinapopata moto kathodi hupanda kutoka sifuri mpaka volti 100, na mshtuko wake hupita kwenye hedifoni. Kwa hiyo mtu huwasha kwanza, hungoja dakika nzima au zaidi, ndipo huchomeka hedifoni. Na akitaka kuzima huzichomoa kwanza.

HATARI ILIYOMO

Wako wanaojidanganya kwamba volti 170 ni chache kuliko 240 za ukutani, basi hazina neno. Kweli ni kinyume. Swichi za usalama zilizomo katika nyumba nyingi siku hizi hukata stima ikivuja milliampea 30 kwenda ardhini, na zimeokoa watu wengi. Lakini swichi hiyo haioni kinachotendeka upande wa pili wa transfoma. Aliyeshika volti 170 kwa mkono mmoja na bati la chombo kwa mkono wa pili hana wa kumkatia, na mkondo unaopita kutoka mkono hadi mkono hupita kifuani, penye moyo. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kutia mkono wa kushoto mfukoni kila walipopima chombo kilichowashwa. Si majivuno hayo.

Tena kapasita hushika stima hata baada ya plagi kung'olewa. Dawa yake ni rezista ya omu 100,000, wati 2, iliyofungwa daima kwenye kapasita ya mwisho, nayo huzikausha zote pole pole. Kwa mikrofaradi 660 zilizoko hapa, baada ya dakika mbili na nusu bado zabaki volti karibu 20. Baada ya dakika tano ni 2 au chini. Basi mtu ang'oe plagi, angoje dakika tano, kisha apime kwa mita kabla ya kutia kidole. Apime kila mara, hata akiwa na hakika, kwa maana rezista ikikatika hakuna dalili itakayoonekana nje.

Bati la chombo ni lazima liungwe na waya wa ardhi wa plagi, ule wa rangi ya kijani na manjano, kwa boliti yake peke yake iliyokwaruzwa rangi. Stima iingiayo ipite kwanza kwenye fyuzi ya nusu ampea. Wasio na waya wa ardhi katika nyumba zao, na ziko nyumba nyingi za namna hiyo, wamwite kwanza fundi wa stima aliyeidhinishwa, na kikuza sauti kisubiri.

KAZI YA KUJENGA

Sanduku laweza kuwa bati la alumini lililokunjwa, na wengine wametoboa sufuria ya kuokea keki wakaipindua. Alumini hutoboka vyema na huondoa joto. Matundu yote yatobolewe na kupigwa tupa kabla ya kufunga kitu, kwa kuwa vumbi la chuma likiingia katika soketi za valvu litaleta taabu isiyoonekana. Transfoma iwekwe pembe moja, na waya za sauti ziingie pembe iliyo mbali nayo.

Kosa moja limewapata wanafunzi wengi mno. Miguu ya valvu huhesabiwa mtu akiitazama kwa chini, akifuata mshale wa saa. ECC82 ina miguu 9 na 6080 ina miguu 8. Anayehesabu kwa kuitazama soketi kwa juu huunga kila kitu kinyume, nacho chombo hakifanyi kazi, wakati mwingine kwa moshi. Yafaa namba ziandikwe kwa kalamu juu ya bati, upande wa ndani.

Waya mbili za volti 6.3 zisokotwe pamoja kama kamba na kulazwa kwenye kona ya bati, mbali na waya za gridi. Waya zote zinazokwenda ardhi zikutane mahali pamoja. Lehemu nzuri hung'aa na kutambaa juu ya vitu vyote viwili. Iliyojikusanya kama tone la nta haikushika, hata ikiwa imara kwa kuivuta.

Chombo kikimalizika kisitiwe stima papo hapo. Fundi mwenye hadhari hufunga taa ya wati 60, ya ule uzi wa kuwaka wa zamani, kwa mfululizo na chombo. Penye kosa kubwa taa huwaka kwa nguvu zote, na transfoma husalimika. Penye usalama huwaka kidogo tu ikafifia. Jaribio la kwanza ni bila valvu, kupima volti za transfoma peke yake. La pili ni kwa valvu zote mbili, na baada ya hapo taa huondolewa. Kisha hupimwa volti tatu zilizotajwa, yaani 170, 80 na 100, upande wa kulia na wa kushoto. Zikitofautiana kwa volti tano au kumi si neno. Ikiwa upande mmoja kathodi iko kwenye 100 na mwingine iko kwenye 20, hapo rezista imekosewa au mguu wa soketi haukushika. Mwisho hupimwa tundu la hedifoni lenyewe, nalo lisionyeshe volti yo yote ya upande mmoja. Mtu na achomeke kwanza hedifoni za bei nafuu zisizomwuma zikiharibika.

Mngurumo ukisikika, sauti yake humwambia mtu ulikotoka. Ulio mzito sana, wa mitetemo 50, watoka kwenye waya za kupasha moto au kwenye transfoma iliyo karibu mno na waya za gridi. Ulio juu yake oktava moja, wa mitetemo 100, ni wa stima isiyochujwa vyema, au waya za ardhi zilizounganishwa mahali pasipofaa. Ukipotea mtu anapopunguza sauti mpaka mwisho, basi watoka katika kile kinacholeta muziki au katika waya wake, na chombo chenyewe hakina lawama.

Valvu za ECC82 bado zinatengenezwa, kwa mfano katika mji wa Čadca nchini Slovakia na huko Uchina. Za Urusi zilikatizwa mwezi wa Machi mwaka 2022, serikali ya nchi hiyo ilipozuia mali nyingi zisitoke wakati wa vita vya Ukraine, na bei zikapanda duniani kwa muda. 6080 nyingi zinazouzwa ni akiba ya zamani, katika maboksi ya kijeshi yenye tarehe za miaka ya 1950 hadi 1980. Anayenunua na amtake mwuzaji azipime pande zote mbili za kichupa mbele yake, kwa sababu upande mmoja waweza kuwa mzima na mwingine umechoka, na kwa kutazama kioo hakuna awezaye kujua.